Mla Asali na Jina la Mama

Harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ndiyo iliyomtangulia baba kila jioni. Alikuwa daktari wa mifugo, akizunguka kutoka Kajiado mpaka Kitengela, na mwishoni mwa miaka ya tisini nyumba yetu ilisimama peke yake uwandani, nyumbu wakipita nyuma ya choo bila kupiga hodi. Tulikuwa watatu: baba, mimi na Koko, yaani nyanya yangu mzaa baba. Mama alifariki nikiwa mdogo mno. Mimi nilimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, majirani walimwita Mama Silantoi kwa jina langu, na alipozikwa jina lake halisi likafungiwa midomoni, kwa kuwa desturi aliyoishika Koko ilikataza kumtaja marehemu. Kwa hiyo sikulijua. Nilikuwa mtoto wa mtu asiye na jina, na hilo liliniuma kuliko kaburi lenyewe.

Nilipomuuliza baba, alinizungusha. Alisomea Urusi, akarudi na digrii, kofia ya manyoya isiyofaa jua letu, na kitabu kinene cha asili za maneno. Akanionyesha neno moja lenye alama ya nyota mbele: *medvědь. "Hili ni la dubu," alisema. "Waslavi wa kale walimwogopa hata wakaacha kumtaja. Wakamwita mla asali." Warusi, Wacheki na Wapolandi walirithi jina hilo la kuzungushia, kila mmoja akalikunja kwa ulimi wake, na baadaye wengi wakasahau hata habari ya kula, wakadhani maana yake ni mjua asali. "Na jina lake la kwanza?" niliuliza. "Liliwapotea kabisa." Na nyota ile ya mwanzoni? Akasema neno lenyewe halikuandikwa na yeyote enzi zake. Wasomi walilijenga upya kwa kulinganisha yaliyobaki, na kwa nyota hiyo wanakiri kwamba hawakulisikia. Nilienda nyuma ya tangi la maji nikalia. Dubu hakunihusu. Niliogopa mama angepotea vivyo hivyo.

Tangu siku hiyo nikaanza kumtegea Koko sikio. Kanisani, wimbo wa Kimaasai ulipofika kwenye neno enchipai, yaani furaha, alifunga mdomo, akarudi kuimba mstari uliofuata. Ndama akizaliwa salama, majirani walitaja enchipai. Yeye alisema tu kwamba moyo umepoa. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aitwaye Nashipai, mwenye furaha, na Koko hakuwahi kumwita hivyo, alimwita "kale ka ng'ambo ya mto". Kumbe hata neno linalofanana na jina la marehemu aliliruka. Nyumba yetu nzima haikuwa na neno la furaha, nami siku zote nilidhani ni huzuni tu.

Nilimkuta baba akinawa mikono kando ya gari lake. "Baba, ni Nashipai?" Akaacha kunawa. "Nani amekuambia? Koko?" "Koko alinyamaza tu." Alinitazama mpaka macho yake yakalowa, kisha akainama, akachora nyota kama ile ya kitabuni kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa gari. Aliniwekea mkono kichwani, akaingia ndani.

Baba na Koko wote wameshatangulia. Uwanda ule leo ni ploti na nyumba za kupanga, na wengi wa majirani zangu wametoka magharibi ya nchi, watu wa kuondoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Ni wengi kuliko nyumbu wa zamani, na bado niko peke yangu, maana hakuna aliyebaki wa kuniambia kama nilipatia. Lakini jioni mama mmoja wa ghorofa ya juu humwita bintiye, "Nashipai! Kuja ukule!" na jina lile hupita juu ya kamba za nguo bila woga. Mimi hufunga mfereji nisikilize. Mtoto akichelewa kuitika, nafurahi, maana ataitwa tena.