Mtindi wa bombani, na siku Shangazi alipotia siki mbele ya watu

Wakuu wangu wasomaji, salaam kwenu nyote.

Mnisamehe mwandiko na herufi zitakazokosewa. Shule niliishia darasa la nne na kalamu yangu inakwenda polepole. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Ninaishi Kinondoni kwa shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Anauza mtindi kwa bilauri hapo barazani. Zamani aligandisha mwenyewe kwenye vyungu. Wanywaji walipozidi, akaanza kununua kwenye kiwanda kidogo cha maziwa huko Temeke.

Kiwanda kile hakilazi maziwa usiku kucha ili yachache. Yanachemshwa, yanapozwa kwa barafu, kisha yanapitishwa kwenye bomba la kioo lililojaa chembe ndogo za kahawia. Yanatoka chini yameshakuwa makali.

Jirani yetu Bi Tatu, muuza vitumbua, alisikia hayo akatangaza mtaa mzima.

"Maziwa gani yanachacha bila kulala? Mwanaidi anawanywesha siki."

Watu wakaacha kuja. Jioni tukawa tunamwaga. Na Shangazi hana mume wala kazi nyingine.

Hakugomba na mtu. Alichukua maziwa yake mwenyewe, tukaenda Temeke, akamwomba fundi wa kiwanda ayapitishe bombani mbele yake.

"Mimina mwenyewe, mama," fundi akasema. "Ila kwanza yapoe kabisa. Yakipita ya moto yanagandia humo ndani, nami kutwa nzima nazibua."

Akatueleza kwamba zile chembe huchukua madini ya chokaa yaliyomo kwenye maziwa na kuachia ukali. Zikichoka, huziosha kwa asidi, halafu kwa maji mengi.

Shangazi akamimina. Maziwa yalitoka mepesi vilevile, kama hayajaguswa. Shangazi akaonja, akafumba jicho kwa ule ukali.

"Yaweke na chombo chake ndani ya maji ya moto kiasi, usiyakoroge. Yataganda," fundi akasema.

Shangazi akauliza jambo moja tu. "Na mtu akitia siki kweli, yanakuwaje?"

Fundi akacheka. "Jaribu, mama."

Kesho yake asubuhi akawaita Bi Tatu na wanywaji wake. Akaweka mabakuli mawili.

La kwanza lilikuwa na maziwa ya kawaida yenye uvuguvugu. Akatia siki. Palepale yakakatika mapande, maji ya manjano yakajitenga.

La pili lilikuwa na yale ya bombani, tuliyoyahifadhi kwenye barafu na unga wa mbao. Akaliweka ndani ya sufuria ya maji ya moto. Tukangoja.

"Tutakaa hapa mpaka Idi?" Bi Tatu akauliza.

"Kaa. Kwani vitumbua vyako vina miguu?"

Yakaganda laini, kijiko kikasimama.

Mzee Kondo, seremala, akaonja yote. Ya kwanza akayatema. Ya pili akayameza, akafuta masharubu.

"Harufu ya chungu hayana. Lakini siki haimo."

"Hayana, wala sitasema yanayo," Shangazi akajibu. "Anayetaka yaliyolala aniambie leo, anywe kesho."

Bi Tatu akasema kwa sauti ndogo, "Na hilo bakuli la siki nani atalinywa?"

"Wewe, shoga. Si uliwaambia ndiyo ninayouza?"

Watu wakacheka mpaka Bi Tatu naye akacheka. Akavuta bilauri, akachota kwenye bakuli la pili, akanywa mbele ya wote.

Mie nikizushiwa jambo hujifungia chumbani nikalia. Shangazi aliutengeneza ule uzushi bakulini kwa mikono yake, akauweka kando ya kazi yake, watu wakaangalia wenyewe. Nimejifunza hapo.

Je, huko kwenu maziwa ya namna hii mngeyaita mtindi? Niandikieni. Nitawajibu kila mmoja, ila mnivumilie nikichelewa.