Kibofu na Jirani wa Omena

Pale sokoni Kisumu nilikuwa sinyanyuki kwenda choo mpaka jioni. Mama aliyeuza omena, dagaa wa ziwani kama wangu, kando yangu nilimjua vizuri: nikigeuka tu, angewaita wateja wangu. Kwa hivyo maji sikunywa na mkojo niliubana, mpaka kibofu kikaniwaka moto. Kule kliniki daktari alisema huenda nina maambukizi ya kibofu, akanipa kikopo nikaweke mkojo wa kupimwa.

Kwenye foleni ya choo nikamkuta yule mama, naye ameshika kikopo.

“Kumbe uko hapa?” akafoka. “Na mimi najibana kila siku nikikuogopa wewe!”

Niliingia nikakojoa mbio mbio, asije akanitangulia kurudi sokoni.