Makala niliyoandika kwa mbwembwe ikamfungisha mama mdogo mizigo

Wakuu, heshima kwenu, mlio Arusha na mlio mbali.

Hiki ni kisa changu mwenyewe. Hata pale ninapoonekana mjinga sitapunguza kitu.

Tuko watu saba, Jumamosi tunakutana Njiro, sebuleni kwa Wakili Neema. Hatulipwi. Tunaandika kwa Kiswahili makala za sheria za Tanzania kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaruhusiwa ku-edit.

Kanuni yetu ni moja: makala haiendi hewani mpaka mwenzako aisome akiwa na kitabu cha sheria mkononi.

Sasa mimi, wakuu, naandika vizuri. Sijisifu, waulizeni wenzangu. Ndiyo maana makala ya nyumba ya ndoa niliirusha mwenyewe bila kusubiri mtu.

Kumbe kipande kimoja nilikitafsiri kutoka makala ya Kiingereza iliyokuwa inaeleza sheria ya Uingereza! Nikaandika kwamba mke asiyesajili haki yake ofisi ya ardhi, nyumba ikiuzwa hana la kusema.

Miezi miwili baadaye nikapanda Nkoaranga kumsalimia mama mdogo. Namkuta anapanga vyombo kwenye viroba.

"Shikamoo mama mdogo. Mnahama?"

"Marahaba. Baba yako mdogo kapata mteja wa nyumba. Mimi nilikataa, lakini nimesoma kwenye simu, sheria hainitambui."

Akanipa simu. Makala yangu! Sentensi yangu, na koma zake.

Huyu mama kalelea watoto wanne humo ndani, na migomba yote ya pale kaipanda kwa mikono yake.

Nikampigia Wakili Neema palepale, nikaweka loudspeaker, nikamsomea ile sentensi.

"Mama, hiyo sheria si ya hapa," akasema. "Kwetu mume hauzi nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Umesaini popote?"

"Sijasaini."

"Basi toa vyombo kwenye viroba. Jumatatu njoo tumwandikie huyo mnunuzi barua."

Barua ikaandikwa, mnunuzi akajitoa. Baba mdogo alininunia, ila nyumba ipo.

Siku ileile ya viroba nilikiri kwamba mwandishi ni mimi. Mama mdogo akaniangalia, akasema, "Mimi niliamini kwa sababu kimeandikwa vizuri."

Niliona aibu, wakuu. Hadi leo naiona.

Makala nimeirekebisha. Kosa la zamani bado linaonekana kwenye historia ya ukurasa, na jina langu pembeni. Liacheni likae.

Bado naandika vizuri, hilo sibadilishi kauli. Ila sirushi kitu bila kusomwa, maana anayesoma anaweza kuwa ameshashika kiroba.

Kama kuna jambo la sheria ulilisoma mtandaoni likakukatisha tamaa, liweke hapa chini tulihakiki. Siku hizi tuko wanane. Mama mdogo anashuka kila Jumamosi, na makala zangu anazisoma yeye kwanza.