Usiguse Rangi Mbichi

Karakana ya Mzee Mstari ilikuwa na sheria moja tu, na mzee aliilinda kwa rula ya mbao: usiguse rangi mbichi. Aliyegusa alichapwa vidoleni, awe mteja, jirani au shemeji. Bintiye ndiye aliyechapwa mara nyingi kuliko wote, na labda ndiyo maana akawa fundi.

Jina la Mstari alilipata kwa sababu aliweza kuvuta mstari mnyoofu kwa brashi, bila kupima, huku akipiga soga na mtu mlangoni. Kila kibao cha duka alichoandika alikimalizia kwa mstari mmoja chini ya herufi ya mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Kisha kikaja kiharusi. Roho kilimwachia, lakini mkono wa kulia ukabaki unatetemeka toka asubuhi hadi jioni. Miezi minane hakushika brashi.

Bintiye ndiye aliyeleta karatasi ya gundi. Kibao unakipaka rangi nyeupe, ikikauka unakibandika karatasi kote, unachora herufi juu yake, unazikata kwa wembe, unazitoa na kuchonga mbao hapo hapo ziingie ndani. Halafu unapaka buluu bila wasiwasi, hata mkono ukicheza, maana rangi inayotoka nje ya herufi inaangukia kwenye karatasi. Ukibandua, herufi zimesimama safi.

“Huo ni wizi,” mzee alisema.

“Wizi wa nini, baba?”

“Wa macho ya watu.”

Lakini alikubali, tena kwa sharti. Mkunga wa mtaa, mama yule yule aliyempokea binti huyu siku alipozaliwa, alikuwa anafungua chumba chake cha uzazi na alitaka kibao chenye neno moja tu: MKUNGA. “Hiki kikiharibika,” mzee akasema, “patasi zangu mpe yule jamaa wa vibao vya plastiki pale kona. Mimi nitakaa kitako ningoje siku yangu.” Na Mzee Mstari hakuwa mtu wa kusema kitu halafu akageuka. Binti alilijua hilo, na tangu siku ile usingizi wake ukawa wa mang'amung'amu.

Siku ya ufunguzi, herufi zilikuwa zimeshachongwa. Kazi ya mzee ilikuwa kupaka. Binti alilazimika kwenda kutoboa ukuta wa mkunga na kufunga kulabu, kwa hiyo alimwambia mara mbili: “Baba, ukimaliza tu, bandua. Rangi ikiwa bado laini.”

“Nimesikia. Nimeugua mkono, sikuugua masikio.”

Aliporudi ilikuwa saa sita na nusu. Kibao kilikuwa kimeegemezwa nje juani, karatasi iko vile vile, na mzee ameketi kando yake kwenye kigoda, akifukuza nzi kwa gazeti. Uso wake ulikuwa na raha ambayo binti hakuwa ameiona kwa miezi minane.

“Baba! Hujabandua?”

“Nibandue rangi mbichi, mimi? Nimepaka mara mbili, nimeiacha ikauke sawasawa. Haraka haraka haina baraka.”

Mungu wangu. Miaka arobaini ya subira, na kumbe karatasi hii ndiyo kitu pekee kisichotaka subira! Rangi ikikauka, ya kwenye karatasi na ya kwenye herufi zinashikana kuwa ngozi moja. Ukivuta hii, na ile inakuja. Ufunguzi ulikuwa saa tisa. Binti alishika kona, akavuta polepole. Kitu kikachanika. Mguu wa kushoto wa M ukamenyeka, ukingo ukabaki kama umetafunwa na panya.

Mzee aliona. Alipeleka mkono mgongoni afungue aproni, na fundo likamshinda.

“Baba, ngoja kwanza.”

“Ningoje nini tena? Si nimengoja, na umeona nilichopata?”

Ilibaki njia moja: kukata rangi ukingoni mwa kila herufi, ndipo karatasi itoke peke yake. Binti alichukua wembe. Alikuwa na hasira, alikuwa na hofu, na zaidi ya yote alimwonea baba yake huruma. Wembe ukateleza, ukakwaruza rangi nyeupe kando ya K.

“Lete hapa.”

“Baba, mkono wako...”

“Na wako je? Leo nani ana kiharusi?”

Mzee alichagua patasi nyembamba, akaishika kwa mikono miwili, akaegemeza kifua kwenye kibao na kukandamiza makali kwenye ukingo uliochongwa. Binti alifumba macho. Alipofumbua, patasi ilikuwa inatembea. Mkono ulitetemeka vile vile, ila kila ulipotaka kutoroka, ukuta wa herufi uliuzuia. K ikapita. U ikapita. Binti alifuata nyuma akibandua kipande kwa kipande. Kwenye mapindo ya G mzee alisimama, akajifuta jasho, akatukana kidogo, akaendelea. Saa nane na nusu wakamaliza A. Mguu wa M binti aliujaza kwa brashi. Ukisogea karibu unaona.

“Nipe hiyo brashi,” mzee akasema.

“Kimeshakuwa sawa, baba. Tukipeleke.”

“Nimesema nipe.”

Akainama, akavuta mstari wake chini ya A, bila karatasi. Ulitoka umepinda. Ulipanda, ukashuka, ukaishia kwenye tone nene. Binti hakuweza kuutazama. Akanyakua kitambaa chenye mafuta ya taa aufute kabla haujashika, na rula ya mbao ikamshukia vidoleni, pa!

“Mbichi hiyo,” mzee alisema. “Usiguse.”