Kilomita Sita Kutoka Msata

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundisha nusu ya ukweli, tena mbele ya Mkuu wa shule. Nawaambia, walimu vijana, msije mkadhani mnatetemeka peke yenu.

Shule ilikuwa Msata, karibu na barabara kuu. Mimi nilitoka kwetu Bagamoyo na chaki zangu mwenyewe mkobani, maana nilikuwa na maringo. Mkuu alinionya asubuhi ile: "Hesabu hapa zimewashinda wawili kabla yako. Nawe zikikushinda, nitakupa stoo ya vitabu." Stoo! Chuo chote kile, halafu nikapanguse vumbi?

Nikaandika ubaoni x² = 36. Namba gani ukiizidisha kwa yenyewe unapata thelathini na sita? Basi toa kipeuo cha pili. Darasa zima: "Sita!" Nikaipigia mstari, raha tupu. Huko nyuma Mkuu akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, shikamoo. Na mwenzake yuko wapi?"

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeisahau hasi sita, ambayo nayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata thelathini na sita. Nikaiandika haraka haraka, lakini msichana wa mbele akauliza, "Hasi sita ya nini, Mwalimu? Nani ana ndoo hasi sita?" Kengele ikaniokoa, na Mkuu akasema tu, "Kesho nitakuja tena."

Usiku huo sikulala vizuri, wallahi. Asubuhi nikawatoa wote mpaka njia panda, Mkuu nyuma yetu. "Hapa tuliposimama ni sifuri," nikasema. "Gari limeharibika kilomita sita kutoka hapa. Haya, mfuateni dereva!"

Wakatazamana. Yule msichana akaja juu: "Sasa upande gani, Mwalimu? Wa Chalinze au wa Segera?"

"Ndiyo hasi yako hiyo! Sita huku, hasi sita kule. Mraba haujali upande, kwa hiyo majibu ni mawili."

"Na njia ya Bagamoyo je?" akadakia mwingine.

"Hiyo nimejia mimi, iacheni!"

Mkuu alicheka hadi akavua miwani. Stoo akapewa mtu mwingine.

Baadaye nilihamishiwa Chalinze. Mwalimu wa taaluma wa huko alilalamika kwamba nachelewesha silabasi kwa kumtafuta mwenzake wa kila jibu. Nikampa (x − 3)² = 16. Akajibu saba tu. Nikamwonyesha: vipeuo ni nne na hasi nne, basi x ni saba au hasi moja. Hakunisumbua tena.

Nimestaafu mwezi uliopita, hapa Bagamoyo. Mkuu wangu wa kwanza, sasa mzee sana, akanipigia simu.

"Umefundisha miaka mingapi, Mwalimu?"

Uchokozi ukanipanda. "Mraba wake ni mia tisa, Mkuu."

"Thelathini," akajibu palepale.

"Na mwenzake yuko wapi?"

Akacheka. "Huyo hayupo, mwanangu. Miaka ina upande mmoja tu."

Nilicheka naye huku machozi yananitoka. Nilipokata simu nikachukua karatasi, nikaandika thelathini, nikaipigia mstari peke yake.