Lori Lililotangulizwa Mbele ya Jeshi

Abti wangu, ndugu wa mama, alichochea makaa katika meli ya mizigo ya Waingereza mpaka nyambizi ya Wajerumani ikaizamisha. Wenzake waliokuwa chini kwenye matanuri walikufa wote; yeye alipona kwa kuwa juu sitahani. Tangu hapo, hata kwenye lori alipanda juu ya magunia.

Wakati wa vita vya shifta, waasi wa kaskazini mwa Kenya, ofisa wa jeshi alilazimisha lori letu la sukari litangulie magari yake njia ya Liboi, karibu na mpaka wa Somalia.

"Mzee, wewe unajua njia. Kaa ndani na dereva."

"Afande, mimi ndani sikai, tangu meli yetu izamishwe baharini."

"Unaogopa papa hapa jangwani? Ingia!"

Askari wakacheka. Abti akaingia, mimi nikabaki juu. Bomu la ardhini lilinirusha mchangani. Abti na dereva waliungua ndani. Shifta ndio waliolitega, lakini aliyemwua abti ni ofisa yule, na mpaka leo anakula pensheni.