Mama Usiguse na Kitanda cha Kumi na Saba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, katika chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya mashuka ya hospitali, mwanamke wa miaka hamsini na tisa anatukanwa na kompyuta. Anavua miwani, anaifuta, anasoma tena. Maneno ni yaleyale: "Wewe unayesoma hapa, kama huelewi, rudi shule."

Aliyeyaandika ni yeye mwenyewe, miaka ishirini na sita iliyopita.

"Nilikuwa na kiburi mimi!" anasema, akicheka mpaka kiti kinalia. "Na kibaya zaidi, kweli sielewi."

Hospitalini wanamwita Mama Usiguse. Neno hilo, la kuwaonya wengine wasibadilishe kitu, amelipachika mara mia moja na arobaini ndani ya programu inayogawa vitanda vya wagonjwa, aliyoiandika peke yake, mistari elfu thelathini na nane. Kisha kompyuta iliyokuwa ikiiendesha ikachoka. Vipuri vyake havitengenezwi tena, na fundi wa mwisho aliyeijua siku hizi anauza viatu.

Alipewa miezi minne kuihamishia kwenye mtambo mpya. Angeshindwa, uongozi ungenunua programu nyingine iliyo tayari, na yake ingetupwa.

"Mshahara ningelipwa vilevile," anasema. "Lakini kazi ya maisha yako itupwe na wewe bado hujamaliza hata kuaga? Inauma, jamani."

Zamani aliandika kwenye skrini nyeusi yenye herufi za kijani, na akikosea, kompyuta ilinyamaza tu kama mkwe aliyeudhika. Chombo kipya cha kuandikia programu hakina staha hiyo. Kila kosa kinalipigia mstari mwekundu papo hapo, mchana kweupe, mbele za watu. Siku ya kwanza alipoingiza programu yake, kilihesabu makosa 6,314.

"Nikasema skrini imeharibika," anakumbuka.

"Nikamwambia, Mama, skrini ni nzima. Hayo ni yako," anadakia mwenzake wa kazi, mwandishi wa programu wa miaka ishirini na tisa anayekaa meza ya pili. Mama Usiguse anamtupia jicho, kisha wote wawili wanaangua kicheko.

Mumewe, dereva mstaafu, hana la kumtetea. "Miaka thelathini na moja ya ndoa hajawahi kuniandikia hata kikaratasi," analalamika. "Kumbe maneno yote alikuwa anaimalizia kompyuta!"

Makosa yakapungua, wiki baada ya wiki, yakaisha. Ukaja mtihani wenyewe. Kwa siku thelathini programu ya zamani na mpya zingefanya kazi sambamba, na kila asubuhi majibu yangelinganishwa. Yakitofautiana hata mara moja katika wiki ya mwisho, basi tena.

Yalitofautiana tangu siku ya kwanza. Ya zamani ilisema wodi ya tatu imejaa. Mpya ilisema kuna kitanda kimoja kitupu.

"Nikaapa kwamba mpya inasema uongo," anasimulia. "Mimi na mwenzangu tukapekua siku tisa. Chakula cha mchana tulikula tukikodolea skrini."

Siku ya kumi wakakuta mistari kumi na moja iliyokuwa imeachwa nyuma wakati wa kuhama. Iliamuru kwamba wodi ya tatu, kitanda cha kumi na saba, kihesabiwe siku zote kuwa kina mtu. Juu yake palikuwa na neno lake, USIGUSE, na chini yake: "Mwenye kujua anajua."

Mwenye kujua alikuwa amesahau.

Basi akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi: alitoka stoo, akapanda ngazi, akaenda kukitazama. Kitanda kilikuwepo, kizima, kimebeba maboksi ya glavu na mikoba sita ya wauguzi.

"Hicho tulikirithi hivyohivyo, dada," muuguzi mkuu wa wodi akamwambia. "Mashine haikitaki. Wengine wanasema kina mkosi, mimi siwezi kubisha."

Seremala wa hospitali, aliyekuwa akikaza bawaba ya mlango, akacheka. "Mkosi gani? Hapo palikuwa panavuja, mvua ikinyesha mgonjwa analowa. Bati tulibadilisha, mwaka wa kumi na tisa huu!"

Hapo akakumbuka. Matroni wa enzi hizo alimpigia simu amfungie kitanda hicho wiki mbili tu, mpaka paa litengenezwe. Paa likatengenezwa, matroni akahama, na yeye hakuna aliyemwambia kitu.

Wodi ile hulaza wagonjwa wawili wawili kitanda kimoja, na wengine sakafuni. Miaka kumi na tisa.

"Nilikaa kwenye ngazi nikalia," anasema bila kuficha. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Angeweza kuirudisha ile mistari kumi na moja, majibu yakafanana, akafaulu mtihani na kustaafu kwa heshima. Mwenzake anakiri kwamba wazo hilo liliwajia wote wawili. Kisha Mama Usiguse akaichapisha mistari ile kwenye karatasi, akaenda kwa mkurugenzi.

"Akaniuliza, nani aliandika upuuzi huu? Nikamjibu, ni mimi, mheshimiwa, na nilikuwa na kiburi kweli."

Mkurugenzi alikaa na karatasi ile siku mbili. Asubuhi ya tatu akaamua kwamba programu iliyokosea ni ya zamani, na mpya ibaki. Kitanda kikafutwa vumbi, na saa nne asubuhi hiyohiyo akalazwa mama mmoja mzee aliyekuwa amelala sakafuni tangu juzi.

Mama Usiguse alikwenda kumwomba radhi. Akamweleza yote, kuanzia mvua mpaka kompyuta.

"Sijaelewa hata moja, mwanangu," mgonjwa akamjibu. "Lakini godoro nimelisikia. Niongezee mto."

Amebakiza miezi mitano kustaafu, na mahali pengine mia moja na thelathini na tisa palipoandikwa USIGUSE pa kufungua. Hataki tena kuviamini vitanda vya kwenye skrini. Ana daftari, na hospitali ina vitanda mia mbili na kumi.

"Nitavikalia vyote, kimoja kimoja," anasema, akivaa viatu vya kutembelea. "Nikikuta kilicho kitupu, siku hiyohiyo kiwe na mtu."